Mwaka 1979 nchi tano zilivuka mipaka kwa bunduki. Kwa nini Vietnam ililaaniwa na sisi tukaachwa?

Mwana wa Kyaka (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Kila vita ikizuka duniani, humu ndani tunagawana pande kabla hata moshi haujatulia. Huyu anasema mipaka ya nchi haivukwi, yule anamjibu mbona Iraq ilivukwa 2003, wa tatu anatukana, uzi unafungwa. Nimechoka. Naomba tuutazame mwaka mmoja tu, 1979. Sijaona mwaka mwingine unaowaweka wakubwa wa dunia uchi namna ile kwenye suala la kuingia nchi za watu kijeshi. Na sisi tumo, tena hatukuwa watazamaji.

Nianze nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda. Ni kilomita za mraba kama 1,800 hivi. Daraja la Kyaka wakalivunja. Bibi yangu alivuka mapema akiwa na mama yangu mgongoni na kuku wawili kwenye tenga. Ng'ombe aliowaacha hakuwaona tena. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema yale maneno ambayo kila mtu anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mpaka hapo hakuna wa kutulaumu. Umevamiwa, unajitetea, kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinakuruhusu.

Lakini hatukuishia mpakani. Januari 1979 tukachukua Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, Machi tukakutana na Walibya wa Gaddafi pale Lukaya, na 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu na mwa wapiganaji wa Uganda tuliokuwa nao. Serikali mpya ilikuwa imeshapikwa mjini Moshi mwezi Machi, mkuu wake Yusuf Lule. Tupambe tutakavyo, hiyo haikuwa kulinda mto tena. Tulimwondoa rais wa nchi nyingine.

Sasa hamia Asia, miezi hiyo hiyo. Khmer Rouge, wakomunisti wa Pol Pot, walikuwa wameitawala Kambodia tangu Aprili 1975, na kwa muda usiofika miaka minne walikuwa wameua watu wao kati ya milioni moja na nusu na mbili. Pia walikuwa wakivuka mpaka na kuchinja wanavijiji wa Vietnam. Pale Ba Chúc, Aprili 1978, waliua zaidi ya watu 3,000. Desemba 25 Vietnam ikaingia kwa nguvu zake zote, na 7 Januari 1979 Phnom Penh ikaanguka. Pol Pot akakimbilia msituni karibu na Thailand.

Jirani katili, mauaji ndani, uchokozi mpakani, mwenye kuchokozwa anaingia hadi mji mkuu na kuweka serikali mpya. Kati ya kuanguka Phnom Penh na kuanguka Kampala ni miezi mitatu na siku nne.

Vietnam ilipelekwa Baraza la Usalama mwezi huo huo. Nchi saba zisizofungamana na upande wowote, zikiwemo Nigeria, Zambia na Gabon, zilileta rasimu ya kutaka majeshi ya kigeni yaondoke. Kura 13 zikaunga mkono, mbili zikapinga, na moja ya hizo mbili ilikuwa ya Sovieti, kwa hiyo turufu (veto) ikaiua rasimu. Mjumbe wa Ufaransa alisimama akaonya kwamba utawala kuwa wa kuchukiza si ruhusa ya wageni kuuangusha, na kwamba wazo hilo ni la hatari. Shikeni maneno hayo ya Mfaransa, nitayarudia.

Septemba ikaja hoja ya nani akalie kiti cha Kambodia kwenye Baraza Kuu. Kura 71 zilisema wakae watu wa Pol Pot, 35 zikakataa, 34 hazikuegemea popote. Marekani ilikuwa kwenye hizo 71. China pia. Serikali iliyokuwa imefukuzwa nchini kwake, ambayo mafuvu ya waliouawa nayo yalikuwa bado yanafukuliwa mashambani, ikaendelea kuketi New York.

Na sisi? Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote dhidi yetu. Uingereza na Marekani wakaitambua serikali ya Lule haraka. Hakuna aliyemshikia Amin kiti chake.

Nauliza: kwa nini?

Karanga za Kuchoma

Nakaa hapa. Ila mkuu, aya zako ndefu kama treni ya Kigoma.

Msoma Katiba

Mtoa mada umefupisha mahali palipohitaji utulivu. Tanzania haikusema "tumeenda kumpindua Amin". Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba kuna vita viwili. Cha kwanza ni cha Tanzania na mvamizi wake. Cha pili ni cha Waganda na mtawala wao, na hicho ni chao wenyewe. Vikakutana njiani. Ndiyo maana mkutano wa Moshi ulikuwa muhimu vile, ili pawepo na Waganda wa kukabidhiwa nchi yao.

Vietnam nayo ilisema maneno karibu hayo hayo, neno kwa neno: vita viwili, kimoja cha mpakani, kingine cha Wakambodia dhidi ya Pol Pot. Kisheria hoja zilifanana. Kwa hiyo swali lako liko palepale, nakuongezea kuni tu.

Jeuri ya Pwani

Mbona mnajipaka mafuta hivi? "Sisi tukaachwa." Hatukuachwa. Monrovia, Julai 1979, kwenye kikao cha wakuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema mbele ya watu. Mkataba wa OAU wa 1963 unakataza kuingilia mambo ya ndani ya mwanachama. Na ni nani aliyepeleka Cairo mwaka 1964 lile azimio la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni? Nyerere huyo huyo.

Ongezeni hili: 1968 tulikuwa wa kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Juni 1977 waliompindua Rais Mancham pale Shelisheli walikuwa wamepata mafunzo kwetu. Tanzania ilikuwa na tabia yake kwenye hili jambo la kutoingilia wengine. Obasanjo hakuwa na kichaa kutukunjia uso.

Mwana wa Kyaka

@Jeuri ya Pwani nimekubali yote uliyosema. Hata Biafra. Unajua lakini kinachonichekesha? Januari 1964 jeshi letu wenyewe lilipoasi, Mwalimu aliwaita Waingereza, makomandoo wao wakashuka na kuwanyang'anya askari silaha. Ilimuuma sana, akaitisha kikao cha OAU hapa Dar, na askari wa Kiafrika waliokuja kushika nafasi ya Waingereza walitoka Nigeria. Kwa hiyo Nigeria ilikuwa na haki ya kutuuliza.

Ila tofautisha. Monrovia tulisemwa. Vietnam haikusemwa tu, ilibanwa pumzi kwa miaka kumi: misaada ikakatwa, biashara ikafungwa, na kabla hata damu haijakauka ikapigwa kijeshi. Maana tarehe 17 Februari 1979 China ilivuka mpaka wa kaskazini wa Vietnam. Deng Xiaoping alikuwa ametoka ziarani Marekani wiki chache tu nyuma, na alisema wazi kwamba Vietnam inahitaji kufundishwa somo. Wakaingia, wakachukua mji wa Lang Son, tarehe 5 Machi wakatangaza wanaondoka. Somo limeisha.

Sasa hawa ndio waliotia saini kanuni tano za kuishi kwa amani na India mwaka 1954, na mbili kati ya hizo ni kuheshimu mamlaka ya nchi nyingine na kutoingilia mambo yake. Wakazibeba hadi Bandung 1955. Mpaka leo mjumbe wa China akisimama New York hazikosi mdomoni. Lakini ukimuuliza Mvietnam wa Lang Son kuhusu kanuni tano, atakuonyesha ukuta wenye matundu.

Nakato wa Masaka

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi Mganda, nasoma humu siku nyingi ila leo lazima niseme.

Mnaongea kuhusu kura za New York, mimi naongea kuhusu Masaka. Askari wenu walipoingia Masaka waliubomoa mji. Mbarara pia. Wazee wetu wanasema lilikuwa lipizi la Kagera, na mizinga ile tuliita saba saba kwa jinsi ilivyolia. Watu walikuwa wamekimbilia vijijini. Waliporudi hawakujua nyumba yao ilikuwa wapi.

Na bado wazee hao hao wanawaita askari wenu bakombozi. Walicheza barabarani Kampala siku ile. Yote mawili ni kweli, naomba msichague moja.

Halafu baada ya ukombozi? Lule alikaa siku 68. Akaja Binaisa. Akaja uchaguzi wa Desemba 1980, Obote aliyepinduliwa na Amin akarudi, tena jeshi lenu bado lilikuwa kwetu. Halafu Luwero, vita mpaka Januari 1986. Aliyeondolewa ni mmoja, waliokufa baadaye hatuwahesabu kwenye uzi huu.

Mwana wa Kyaka

Dada Nakato, pole na karibu. Habari ya Masaka naijua, mjomba wangu alikuwa mgambo, aliipita. Hajawahi kuisimulia akiwa na akili zake, huisimulia akishakunywa lubisi, pombe ya ndizi, tu. Sina la kukujibu pale.

Kuhusu Obote umenigusa penye kidonda chetu. Wapo Watanzania wanaoamini mpaka leo kwamba Mwalimu alipigana vita nzima kwa ajili ya rafiki yake. Mimi siamini hivyo kwa vita, ila kwa yaliyofuata baada ya vita siwezi kuapa.

Kidole Tumbo

Nyinyi mnazunguka mbuyu. Jibu liko wazi. Novemba 3, 1978 Vietnam ilitia saini mkataba wa urafiki na Sovieti. China na Sovieti walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Marekani ilianza uhusiano rasmi wa kibalozi na China 1 Januari 1979. Ukiweka tarehe hizo mstari mmoja, Vietnam kuingia Phnom Penh ilionekana ni mkono wa Moscow unanyooka kusini. Nani atatazama mafuvu?

Tanzania ilikuwa mkono wa nani? Reli ya TAZARA alijenga Mchina. Ndege na mizinga tulichanganya ya Mchina na ya Mrusi. Misaada mingi ilitoka kwa akina Sweden. Hukuweza kumpiga Tanzania ukamuumiza mkubwa yeyote. Na Amin naye hakuwa na baba. Uingereza ilimfurahia alipopindua 1971, ikavunja naye uhusiano 1976. Marekani ilikuwa imeshazuia kahawa yake Oktoba 1978, wiki chache kabla hajatuvamia. Mrusi aliyemuuzia silaha alikunja mikono. Alibaki na Gaddafi na wapiganaji wachache wa Kipalestina. Yatima akipigwa na yatima mwenzake, mtaa hauamki.

Mwana wa Kyaka

@Kidole Tumbo hapo ndipo nilipokuwa napaelekea, umeniwahi. Ngoja nimalizie mwaka, maana zimebaki nchi mbili.

Ile kura ya 71 kwa 35 ilipigwa tarehe 21 Septemba 1979. Usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo, ndege za Ufaransa zilitua Bangui, mji mkuu wa Afrika ya Kati. Bokassa, aliyejitawaza kuwa mfalme wa wafalme Desemba 1977 kwa sherehe ambayo Ufaransa yenyewe ilisaidia kuigharamia, alikuwa safarini Libya. Mwezi Aprili watoto wa shule walikuwa wameuawa kwenye gereza la Ngaragba baada ya maandamano yaliyoanza kwa kukataa sare za shule, na Paris ikaona aibu imezidi. Wakamrudisha David Dacko kuwa rais. Walimleta ndani ya ndege zao. Kisha Dacko akatangaza redioni kwamba utawala umebadilika na kwamba ameomba msaada wa Ufaransa.

Yaani mwaliko ulipanda ndege moja na waalikwa.

Sasa mrudie yule mjumbe wa Januari: utawala kuwa wa kuchukiza si ruhusa ya wageni kuuangusha. Miezi minane. Na hakuna aliyepeleka rasimu New York. Bangui ilikuwa ni "ua wa nyuma" wa Paris na kila mkubwa alikuwa na ua wake, hivyo wakapeana nafasi.

Desemba ikafika zamu ya Moscow. Hiyo ndiyo nchi iliyoilinda Vietnam kwa turufu ikisema Wakambodia wamejikomboa wenyewe. Tarehe 27 Desemba makomandoo wa Kisovieti waliingia ikulu ya Tajbeg, Kabul, wakamuua rais Hafizullah Amin. Ndiyo, Amin mwingine, mwaka huo jina hilo lilikuwa na mkosi. Wakamweka Babrak Karmal. Naye alikuwa "ameomba msaada". Sauti yake ya kwanza kwa wananchi ilirushwa redioni kutoka ardhi ya Sovieti. Aliyeuawa ndiye mkuu wa serikali ambayo mkataba wa urafiki wa Sovieti na Afghanistan wa Desemba 1978 ulisema inasaidiwa. Unaitwa nyumbani kwa mtu, ukifika unamuua aliyekuita, halafu unamtafuta mwingine athibitishe kwamba uliitwa.

Januari 1980 turufu ya Sovieti ikafanya kazi tena Baraza la Usalama. Baraza Kuu likapiga kura 104 kwa 18 kutaka majeshi ya kigeni yaondoke Afghanistan. Marekani ilipiga kelele za mamlaka ya nchi mpaka ikasusia Olimpiki.

Wa Eldoret

Hapo kwa Olimpiki nipeni nafasi. Sisi Wakenya tulisusia Moscow 1980 kwa ajili ya Rais Carter wa Marekani. Nyinyi Bongo mlienda, Bayi akaleta fedha kwa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui akaleta fedha kwa 5,000. Wakimbiaji wetu walikaa nyumbani wakisikiliza redio. Mzee mmoja hapa kwetu, mkimbiaji wa enzi hizo, bado anasema hakujua Afghanistan iko wapi na hadi leo hajaenda.

Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika, Februari 1980, atushawishi. Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wa Dar wakamuuliza Ali: Afrika iliposusia Montreal 1976 kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali akakiri hakuwa amejua habari hiyo. Mtu muungwana, wakamtuma kwa kazi mbaya.

Ila sisi pia tujitetee. Februari 2022 balozi wetu Kimani alisimama Baraza la Usalama kabla mizinga haijalia Ukraine, akasema Afrika tulirithi mipaka ya wakoloni na tukaamua kuishi nayo kuliko kumwaga damu tukiirekebisha. Hakutetea mkubwa yeyote pale. Alisema kama mtu ambaye nyumba yake ingeweza kuwa inayofuata.

Jeuri ya Pwani

Na kura ya tarehe 2 Machi 2022, nchi 141 zikaitaka Urusi iondoke Ukraine. Kenya ndiyo. Tanzania haikuegemea popote. Uganda vivyo hivyo, Burundi vivyo hivyo. Nchi iliyovamiwa Kagera ikashindwa kusema "usivamie". Nijibuni hilo kabla hamjaendelea na Mfaransa.

Msoma Katiba

Jibu la serikali ni kutofungamana. Jibu langu mimi ni kwamba sikulipenda. Tuendelee.

Ila na waliopiga ndiyo wasijione malaika. Marekani iliyopinga Afghanistan iliingia Grenada Oktoba 1983. Kura za Baraza Kuu zilikuwa 108 kwa 9 dhidi yake, na Reagan akawaambia waandishi kwamba kura hizo hazikumharibia kifungua kinywa. Mahakama ya Kimataifa ikaihukumu 1986 kwa mambo ya Nicaragua, ikaigomea. Halafu Kosovo 1999, NATO ilipiga mabomu siku 78 bila idhini ya Baraza la Usalama. Unadhani Putin alitaja mfano gani mwaka 2014 alipoichukua Crimea? Kosovo. Kila mkubwa anatunza madeni ya mwenzake kwenye daftari, siku yake ikifika analitoa.

Na Libya 2011, wakuu, tusiisahau. Azimio namba 1973 lilipita kwa kura 10, tano hazikuegemea popote, China na Urusi zikiwemo. Nigeria, Gabon na Afrika Kusini zilipiga ndiyo. Kamati ya marais wa AU (Umoja wa Afrika) ilipotaka kuruka Tripoli kusuluhisha ikaambiwa anga imefungwa. Azimio lilikuwa la kulinda raia. Mwisho wake mnaujua.

Mtu wa Bukavu

Miye ni Mukongomani, mutaniwiya radhi Kiswahili changu cha huku.

Nimesoma yote. Mutoa mada anasema Tanzania ilikuwa na sababu. Sawa. Lakini jirani yetu Rwanda naye kila mara anasema ana sababu. Anasema kuna wauaji wa 1994 wamejificha kwetu. 1996 aliingia na sababu hiyo, 1998 tena. Leo anakana kwamba yupo. Februari 2025 Baraza la Usalama, wote kumi na tano, walipitisha Azimio 2773 kutaka jeshi la Rwanda litoke na liache kuwasaidia waasi wa M23. Hakuna aliyepiga turufu, Marekani, China, Urusi, wote mkono juu. Hapa Bukavu tulisikia habari hiyo redioni, na waliotuvamia walikuwa barabarani.

Sasa niambie. 1979 munaisifu kwa sababu Amin alikuwa mubaya na Nyerere alikuwa muzuri. Nani anapima? Kesho mwingine atasema yeye ndiye Nyerere na sisi ndio Amin.

Karanga za Kuchoma

Karanga zimeisha. Huyu wa Bukavu kauliza swali la uzi mzima.

Mwana wa Kyaka

Ndugu wa Bukavu, nimekaa na swali lako tangu jana usiku. Nitajibu ninavyoweza, na usiponielewa ni haki yako.

Mimi sipimi kwa uzuri wa Mwalimu. Mtu aliyeitambua Biafra na kumrudisha Obote anaweza kukosea kama mwingine. Napima kwa vitu vya kushikika. Amin alitangaza hadharani kwamba amechukua ardhi yetu, hilo halikuhitaji mpelelezi. Sisi tulipofika Kampala hatukusogeza mpaka hata hatua moja. Hatukuchimba dhahabu ya mtu, na hatukukana kwamba askari wale ni wetu, walikuwa na sare na redio ilitangaza kila mji. Gharama tulilipa wenyewe. Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ikafungwa miaka. Mama yangu alikua akipanga foleni ya sabuni na chumvi kwa sababu ya vita ile. Anayevamia kwa faida hafanyi foleni ya chumvi, foleni inafanywa na aliyevamiwa.

Hapo Vietnam inapungukiwa kidogo. Ilikaa Kambodia mpaka Septemba 1989, na serikali iliyoiweka ilikuwa inamsikiliza Hanoi kwanza. Majirani zake walioogopa walikuwa na sababu ya kuogopa. Sisi tulitoka Uganda 1981, na bado dada Nakato ana madai yake.

Lakini umesema kweli kwenye hili: vipimo vyangu nimevitunga baada ya mambo kwisha, nikiwa upande ulioshinda. Mwaka 2000 Afrika ilijaribu kuviandika. Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuanzishwa kwa AU kinaupa Umoja haki ya kuingia nchi mwanachama penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Umoja, si jirani mmoja mmoja. Wakubwa hawajawahi kukubali kufungwa kamba kama hiyo. Na nyie Bukavu mnaona wenyewe kilivyotumika.

Nakato wa Masaka

Umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Foleni ya chumvi sikuijua. Kwetu hatukufundishwa kwamba na nyie mliumia.

Kidole Tumbo

Niulize la pembeni. Hivi wale walioondolewa mwaka ule waliishia wapi?

Mwana wa Kyaka

Hafizullah Amin aliuawa siku ile ile. Bokassa alikaa uhamishoni Côte d'Ivoire kisha Ufaransa, akarudi mwenyewe Bangui 1986, akashtakiwa, akahukumiwa kifo, akapunguziwa, akaachiwa 1993, akafa 1996. Pol Pot alifia msituni karibu na mpaka wa Thailand Aprili 1998, hakufikishwa mahakama yoyote ya kimataifa, na kwa zaidi ya miaka kumi upande wake ulikuwa na kiti New York.

Idi Amin alipata hifadhi Saudia, akaishi Jeddah. Alifariki 16 Agosti 2003. Nilikuwa likizo Kyaka, nikaisikia redioni, nikakimbia kumwambia bibi. Alikuwa uani anachambua maharage. Akanitazama, akauliza, "Kwani alikuwa bado hai?" Yeye alikuwa amemzika tangu 1979. Akaendelea na maharage yake.